Wakili si mwisho wa mazungumzo

Wenye nyumba wengi nchini Kenya huamini kwamba mpangaji akikwama kulipa kodi kuna njia mbili tu, kumbembeleza au kumwita wakili, na kwamba anayechagua ya kwanza ni mnyonge. Sivyo. Kwa duka lililopangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, Sura ya 301 ya sheria za Kenya inamlinda mpangaji: notisi ya kumtoa sharti iandikwe kwa fomu maalumu, itaje sababu na impe angalau miezi 2, naye akipeleka shauri kwenye baraza linaloamua migogoro ya upangaji wa majengo ya biashara (Business Premises Rent Tribunal) kabla ya muda huo kwisha, notisi haina nguvu hadi uamuzi utolewe. Kwa hiyo anayetia kufuli mlangoni usiku hujitia mashakani mwenyewe, hata kama anadai kodi ya miezi mingi. Wakili anafaa mapema, aiandae notisi hiyo isiwe na kasoro, wala kuja kwake hakuwazuii wawili hao kuzungumza. Deni la mwezi mmoja, kwa maoni yangu, limalizwe mezani, kisha makubaliano yaandikwe: kiasi, tarehe, sahihi za wote wawili, na nakala kwa kila mmoja.