Gari la rimoti ufuoni, na chumvi inayobaki

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kisauni aliniletea gari lake la rimoti ndani ya mfuko. "Fundi, Jumapili lilikimbia vizuri kabisa, leo limegoma kukata kona." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikafungua sevo, ile mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Ndani kulikuwa na unyevu bado, na pini za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, laini kama ukungu wa mkate. Kwa nje gari lilikuwa linang'aa, halina hata chembe ya mchanga. Nilipomuuliza aliliosha kwa maji gani, akaniambia ya kisima.

Hivi ndivyo yanavyokufa magari mengi ya ufuoni ninayoletewa. Mchangani yanakimbia, yanarudi nyumbani mazima, halafu siku ya tatu au ya nne yanazimika. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki pale pale, na usiku kucha inavuta unyevu wa hewa yetu ya pwani. Kwa hiyo gari ulilodhani limekauka lina umajimaji wa chumvi kwenye kila pini, na ukiunganisha betri umeme unapita humo humo na kutu inakwenda mbio. Maandishi ya kwenye boksi kwamba gari haliingii maji yasikutie moyo kupita kiasi. Kinga hiyo kwa kawaida ni ya dimbwi la mvua na matope. Bahari ni habari nyingine.

Wajapani waliliona hili mapema. Tamiya walipotoa Sand Scorcher mwaka 1979, gari la kipimo cha 1/10 lenye bodi ya Volkswagen Beetle, vifaa vya redio walivifungia ndani ya kisanduku cha plastiki kinachopenyeza mwanga, chenye mpira wa kuziba maji. Mimi bado nafuata wazo hilo hilo. Kila gari la ufuoni linalopita mezani kwangu, risiva yake, ile inayopokea mawimbi ya rimoti, naiweka ndani ya kiboksi, napaka grisi ya silikoni kwenye mpira wa kifuniko na pale waya zinapotokea.

Lakini kabla ya vifaa kuna maji ya bahari yenyewe, yaani saa ya kwenda. Watu wengi huchagua siku kwa kuangalia ratiba zao za kazi. Angalieni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na hapa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na hujaa kwenye saa kumi jioni. Basi yule anayemaliza shughuli zake Jumamosi akafika Nyali saa tisa alasiri anakuta ufuo umemezwa, kilichobaki ni ukanda mwembamba wa mchanga mkavu chini ya minazi, mahali pabaya kuliko pote pa kuendeshea. Siku hizo nenda saa mbili asubuhi, maji yanapotoka. Ikiwa unapata nafasi jioni tu, subiri maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu hapo maji hupwa mchana kuelekea jioni, ingawa ukanda unaoachwa wazi ni mwembamba zaidi. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo ukijua ya leo umejua na ya keshokutwa.

Mchanga mzuri ni ule ulioachwa na maji muda si mrefu. Utando mwembamba wa maji kati ya chembe na chembe ndio unaozishikanisha. Ukikauka, chembe zinaachana na tairi linazama. Maji yakizidi, chembe zinaelea na tairi linazama vile vile. Kipimo changu ni kisigino. Kanyaga kwa nguvu uangalie pembeni ya mguu: mchanga ukipauka ghafla kuzunguka unyayo, kana kwamba umekauka, hapo ni pagumu, endesha. Maji yakichuruzika juu na mguu ukididimia, panda hatua chache kuelekea nchi kavu.

Mchanga wenyewe pia si wa aina moja, na hili ndilo ninalotamani kila mwenye gari alijue. Chukua kiganja cha mchanga wa Bamburi, udondoshee siki. Utaona mapovu, maana sehemu yake ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Ni laini, haukwaruzi sana chuma, lakini unasagika kuwa unga, na unga unapenya kila penye upenyo. Sasa nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi. Pale mchanga umeletwa na Mto Sabaki kutoka bara, mto huo huo unaoifanya bahari ya Malindi kuwa ya kahawia baada ya mvua. Una chembe nyingi ngumu zinazokwaruza, na una mchanga mweusi unaometa juani. Mara ya kwanza nilipofika niliburuta sumaku ya spika kuukuu juu ya ule weusi, ikaja imeota ndevu. Mota za magari haya zina sumaku ndani. Ukiendesha pale gari lenye mota ya matundu, chembe zile huingia, hung'ang'ania sumaku na kuanza kuchubua koili. Mota zile za kaboni, zinazopitisha umeme kwa vipande vya kaboni vinavyosugua, ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu nyingi zina matundu ya kupitisha hewa. Gari la Mambrui lifungwe mota iliyozibwa pande zote. Nisipokuwa nayo, naivalisha ya kawaida kipande cha stokingi kilichokazwa kwa uzi. Hewa inapita na chembe nyingi zinabaki nje. Stokingi hiyo hiyo navalisha shokomzoba.

Tairi za makasia, zile zenye mapezi mapana ya kuchota mchanga, watu wanazipenda kwa sababu zinarusha mchanga juu na picha zinatoka nzuri. Zinafaa kwenye mchanga mkavu tu, nyuma, huku mbele ukiweka tairi lenye ukingo mmoja katikati wa kukatia kona. Kwenye mchanga mbichi mgumu makasia yanaitesa mota bure. Tairi za kawaida za vinundu zinatosha. Vile vitundu vya kupumulia kwenye rimu zibeni kwa utepe, la sivyo tairi linakunywa maji na mchanga na gari zima linaanza kutetemeka.

Mchanga huvuta gari nyuma muda wote, hata ukiwa tambarare. Mota inayozunguka ikiwa baridi barabarani itachemka hapa ndani ya dakika tano. Punguza pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, kwa meno mawili, utapoteza mwendo kidogo na mota itapumua. Baada ya dakika tano simamisha na uweke kidole kwenye mota: ukishindwa kukiacha pale kwa sekunde chache, pumzika mpaka ipoe. Unapoondoka bonyeza taratibu. Ukikamua rimoti yote gari likiwa limesimama, magurudumu yanachimba kaburi lake.

Simama upande wa bahari, gari likimbie kati yako na minazi. Hapo rimoti ikipoteza mawasiliano au sevo ikikwama, gari lina nafasi kubwa zaidi ya kuishia nchi kavu. Ukiwa ufuo wa Pirates au Diani siku ya watu, subiri watoto, ngamia na waogaji wapungue, au sogea mbali. Penye alama ya kiota cha kasa usipite, wala usikaribie. Kasa hutaga juu ya mstari wa maji kujaa, katika ule ule mchanga mkavu tunaoutamani kwa makasia, na mayai hukaa ardhini karibu miezi miwili. Na kule Paje na Jambiani, Zanzibar, ufuo maji yakipwa ni shamba: kina mama wana kamba na mwani wao pale. Omba ruhusa kwanza, na ukiambiwa hapana, ondoka kwa heshima.

Sasa kuosha, ambako yule kijana wa Kisauni alikosea kwa nia njema. Visima vingi vya kisiwani Mombasa na kandokando yake vina maji ya chumvi. Ukioshea hayo umeondoa mchanga na kuacha chumvi. Nunua mtungi mmoja wa maji matamu au kinga maji ya mvua. Kwanza, ufuoni pale pale, toa betri, pangusa mchanga kwa brashi ya rangi ungali mkavu, puliza kwa pampu ya baiskeli. Ukifika nyumbani tumbukiza chasisi kwenye beseni, itikise, mwaga, weka maji mapya, rudia mara tatu. Bomba la nguvu usitumie, linasukuma mchanga ndani ya beringi. Kisha fungua viunganishi vyote vya waya, pangusa kila pini kwa spiriti na mswaki laini, uviache wazi kivulini usiku mzima. Oili na grisi zikae ndani ya difu, zile gia zinazogawa mwendo kwa magurudumu, na beringi tu. Ukipaka nje, mchanga unanata na unageuka msasa unaozunguka na ekseli.

Betri ya lithiamu ya seli mbili irudi nyumbani ikiwa na volti zisizopungua 6.6, na ukiiweka zaidi ya siku mbili iache kwenye 7.6. Ikilowa maji ya bahari usiichaji tena, hata ionekane nzima. Itoe nje ya nyumba, mbali na kitu cha kuungua.

Siku ya tatu lichukue tena gari, kabla ya kuunganisha betri. Inua gurudumu moja moja karibu na sikio, lizungushe kwa kidole. Beringi nzima haisemi kitu. Yenye mchanga inakwaruza kama mtu anayetafuna wali wenye mawe, na hiyo itoe, ioshe kwa spiriti, itie tone moja la oili ya cherehani, uizungushe tena mpaka inyamaze.