Mwalimu Aliyetishwa na Kitabu Chake

Kila nikifundisha hadithi za mizimu hukutana na swali lile lile: "Mwalimu, Ichabod Crane si alikuwa polisi?" Hapana. Huyo ni Johnny Depp wa filamu ya Sleepy Hollow ya 1999, konstebo kutoka New York asiyeamini ila sayansi. Crane wa mwandishi Mmarekani Washington Irving, katika "The Legend of Sleepy Hollow" ya 1820, ni mwalimu wa kijiji, na yeye huamini kila kitu.

Crane maana yake korongo, na Irving anasema jina lilimkaa: mrefu, mwembamba, masikio mapana, viganja vikining'inia mbali nje ya mikono ya koti. (Kiswahili kimetupa zawadi hapa: korongo ni ndege, korongo ni bonde, yaani hollow. Korongo kaingia korongoni.)

Tumezoea kudhani kwamba mshirikina ni mtu asiyesoma. Huyu hofu yake inatoka kitabuni. Shule ikifungwa, hujilaza kwenye majani kando ya kijito na kitabu cha mhubiri Cotton Mather kuhusu uchawi wa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, akasoma hadi giza lifute herufi. Kisha ndipo aanze safari ya kurudi alikopangiwa kulala. Kimulimuli kikiwaka, anashtuka. Mbawakawa akimgonga, roho inataka kumtoka: ameshapigwa alama na mchawi! Dawa yake ni kuimba zaburi, tena kwa puani.

Mtu wa hivyo hahitaji mzimu wa kweli. Usiku mmoja, akitoka karamuni nyumbani kwa Katrina, binti wa mkulima tajiri ambaye Crane anataka kumwoa, anakimbizwa na mpanda farasi asiye na kichwa, eti askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani aliyeng'olewa kichwa na mzinga. Tandiko linachomoka, daraja analivuka, anageuka nyuma, na kichwa kinarushwa kumjia. Kesho yake inaokotwa kofia ya Crane, na kando yake boga lililopasuka. Brom Bones, mshindani wake, anamwoa Katrina, na kila boga likitajwa anaangua kicheko. Irving anaongeza tu kwamba wengine walishuku anajua zaidi ya anavyosema.

Katuni ya Disney ya 1949, iliyosimuliwa na Bing Crosby, ilihifadhi umbo la Crane na ulafi wake. Lakini iliwasha boga moto na kuifanya karamu iwe ya Halloween, sikukuu ambayo Irving hakuitaja popote. Filamu ya 1999 ilikwenda mbali zaidi: mzimu upo kweli, unakata vichwa. Tamthilia ya 2013 ikamfanya Crane mwanajeshi. Kwangu hapo ndipo hadithi inapovuja. Mzimu ukiwapo kweli, kuuogopa si ushirikina tena, ni akili timamu.

Na tazama Irving anavyomalizana na vitabu vile. Hans Van Ripper, mkulima aliyemwazima mwalimu farasi, anakitupa cha Mather motoni, kisha anawaachisha watoto wake shule. Anasema hajapata kuona jema lolote likitokana na huku kusoma na kuandika.