Manda: Wigi la Wanaume wa Kihuli

Manda ni vazi la kichwani la wanaume wa kabila la Huli, wakazi wa bonde la Tari na milima inayolizunguka katika mkoa wa Hela, nyanda za juu za Papua Guinea Mpya. Ni wigi linalofumwa kwa nywele halisi za binadamu, na aghalabu nywele hizo huwa za mvaaji mwenyewe.

Uzito wake hauonekani mpaka mtu ajue linavyopatikana. Kijana ambaye hajaoa hujitenga na jamaa zake akaishi na makapera wenzake, chini ya mwalimu mtu mzima anayejua maneno na masharti ya kukuza nywele. Huko hutakiwa kujiepusha kabisa na wanawake, kufuata miiko ya chakula, kuzinyunyizia nywele maji kila siku huku maneno ya kimila yakitamkwa, na kulala shingo ikiwa imeegemezwa kwenye kigogo ili umbo la nywele lisiharibike. Baada ya takriban mwaka mmoja na nusu nywele hukatwa kwa uangalifu na kushonewa kwenye fremu. Wahuli huamini kwamba anayevunja miiko nywele zake hazistawi. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kulichukulia manda kama pambo tu ni kulipunja: ni ushahidi, uliomea kichwani mwa kijana, kwamba aliweza kujitawala. Mwenye kutaka wigi la pili huanza upya, naye sharti afanye hivyo kabla ya kuoa.

Lipo la kila siku, ambalo ncha zake huelekea chini, na lipo la sherehe, lililopakwa rangi nyekundu na kuinuliwa ncha. Hili la pili ndilo hupambwa kwa manyoya ya kasuku, ya kasuari, na hasa ya ndege wa paradiso, likaambatana na uso uliopakwa udongo wa manjano. Ndege wa paradiso wanalindwa na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1966, ambayo hata hivyo huwaruhusu wenyeji kuwatumia kwa shughuli za mila. Nao wenye manyoya huyahifadhi kwa miaka mingi, wakaazimana au kukodishana ngoma kubwa zinapokaribia.