Udongo ukikauka kichwani, umeshachelewa

Jumamosi iliyopita alikuja saluni dada mmoja kutoka Igoma, kajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi. Alipokifungua nilishika nywele za kisogoni nikazisugua kidogo kati ya vidole, karibu na sikio langu. Zilitoa sauti. Nywele zenye afya huteleza kimya, ila hizi zilikwaruza kama katani. Akaniambia, "Dada, mimi nilipaka udongo kama wanavyoelekeza." Nikamuuliza alikaa nao muda gani. Kumbe alipaka, akasonga ugali, akalisha watoto, akafua sare za shule, ndipo akakumbuka kichwa chake. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka kama ukuta wa nyumba ya tope mwezi wa saba. Akaanza kuubandua kwa chanuo.

Natunza nywele za asili hapa Kirumba, Mwanza, kwa mwaka wa 11 sasa, na malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya mawili: udongo umenikausha, hina imenikausha. Nimeona niyaandike kwa urefu, maana dakika tano za kuongea huku mtu amekaa kwenye kiti hazitoshi.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi wanapouziwa kopo ni kwamba udongo na hina havilainishi nywele. Udongo kazi yake ni kuondoa. Hina kazi yake ni kutia rangi na kukaza. Ulaini hutoka kwenye kile unachopaka kabla na baada. Ukilijua hilo, nusu ya tatizo imekwisha, kwa sababu utaacha kudhani ukikaa navyo muda mrefu zaidi vitakulainisha zaidi.

Aliyekulia Magu, Misungwi au Kwimba anaijua mbuga. Ule udongo mweusi, mvua ikinyesha, huvimba na kunata mpaka baiskeli haisongi. Kiangazi hunywea ukatoa nyufa za kuingiza mkono. Bentonaiti, huo unga wa kijivu mnaonunua kwenye makopo, ni ndugu wa udongo wa mbuga. Madini yanayouvimbisha mmoja ndiyo yanayouvimbisha mwingine, yanaitwa montimorilonaiti. Chembe zake zimepangana kama kurasa za kitabu. Ukitia maji yanapenya kati ya kurasa, kitabu kinafutuka. Maji yakitoka, kurasa zinabanana tena na kuvuta chochote kilichonata humo. Sasa fikiria kilichonata ni unywele wako, tena wenye mikunjo. Kila mkunjo ni mahali pembamba pa kukatikia. Ndiyo maana nasema udongo ukikauka kichwani umeshachelewa: kufikia hapo umekwisha kunywa maji ya unywele, na hata kuutoa kwake ni kuumiza.

Kaolini ni tabia nyingine kabisa. Huzaliwa pale feldispa, madini yaliyomo kwenye miamba ya graniti kama hii yetu inayozunguka mji, inapooza polepole kwa mvua na joto kwa miaka mingi mno. Kurasa zake zimeshikana, maji hayapenyi kati yake, hivyo haivimbi na hainyonyi kwa pupa. Ni nyeupe, laini kama unga wa muhogo. Kwa mtu mwenye nywele kavu kwa asili, au mwenye mvi, mimi huanza na kaolini, na wengi hatuhami hapo. Ghasuli ya Moroko nayo ni nzuri na haiparuzi, lakini hapa Mwanza bei yake ni kubwa, na sioni kwa nini mtu ajibane kwa ajili hiyo.

Kuna jambo la pili kuhusu bentonaiti. Nina karatasi za kupimia asidi, zile zinazobadilika rangi, na kila rojo la bentonaiti na maji matupu ninalopima linaonesha pH ya 8 kupanda, mengine 9 na zaidi. (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni upande wa magadi.) Nywele hutulia kwenye asidi kidogo, kati ya 4 na 5. Mama yeyote wa Kanda ya Ziwa anajua magadi yanavyofanya maharage: yanaiva upesi kwa sababu ganda limelegea. Bentonaiti yenye maji tu hufanya jambo linalokaribia hilo kwa unywele. Magamba yake ya nje huinuka, unywele ukawa mkavu na wa kushikana fundo kwa fundo. Dawa yake ni siki. Vijiko 6 vya bentonaiti, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo, siki ya tufaha kijiko kimoja au viwili, kisha unakoroga mpaka liwe kama uji mwepesi wa mtoto, likimwagika lenyewe kwenye kijiko. Likisimama kama ugali umeshakosea. Ongeza maji.

Na la tatu, ambalo naona halisemwi vya kutosha: chembe za udongo zina chaji hasi. Kondishona karibu zote zimetengenezwa kwa viambato vyenye chaji chanya, ndiyo maana hung'ang'ania unywele hata baada ya kusuuza. Udongo unapopita, huzivuta hizo kondishona pamoja na mafuta na vumbi. Nywele hubaki tupu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kwa mtu aliyejaza krimu na jeli miezi miwili hiyo ni neema, kichwa kinapumua. Lakini ukiishia hapo ukasuka na kutoka juani, ndani ya siku mbili utaniambia udongo umekukausha. Hii pia ndiyo sababu sichanganyi kondishona ndani ya rojo. Udongo huimeza, haikufikii. Kondishona inakuja baadaye, peke yake.

Basi mimi hufanya hivi. Kabla ya udongo, napaka mafuta ya nazi kuanzia katikati ya unywele mpaka nchani, nusu saa. Nachagua nazi kwa makusudi. Mafuta ya nazi yana uwezo wa kupenya ndani ya unywele na kuuzuia usipoteze protini wakati wa kuosha, ilhali ya alizeti, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana huku kwetu, hukaa juu tu. Alizeti niwekee mwisho, kwa kufungia unyevu. Kisha nagawa kichwa mafungu manane, napaka rojo kuanzia ngozi ya kichwa kushuka, nafunika kofia ya plastiki. Dakika 10. Nywele nzito sana zenye uchafu mwingi, 15. Pembeni nina chupa ya kupulizia maji, na fungu lolote likianza kupauka rangi nalipulizia papo hapo. Simu iwekwe kengele. Usisonge ugali.

Kusuuza kunataka maji mengi, tena fungu kwa fungu, vidole vikipita kwenye ngozi. Siku ya mgao, ukiwa na ndoo moja tu, ahirisha. Udongo unaobaki kwenye mizizi hukauka ukadondoka kama mba, na nimeshapokea wateja waliokuwa wanatibu mba miezi mitatu kumbe ni bentonaiti. Maji ya bomba hapa mjini hutoka ziwani na ni maji laini, yanasuuza vizuri. Hiyo ni bahati yetu ambayo wenzetu wanaotegemea visima vya maji magumu hawana. Baada ya hapo, siki kijiko kimoja kwenye vikombe viwili vya maji, mimina, acha dakika moja, suuza. Ndipo kondishona nzito kwa nusu saa, na stimu kama unayo, au taulo iliyokamuliwa maji ya moto.

Naomba nisimame hapa kwa wanaoishi Luchelele, Igombe, Ukerewe na kote pwani ya ziwa. Najua raha ya kwenda kusuuza ziwani. Msiende. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono, huogelea majini na kupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na mtu anayeosha nywele husimama majini muda mrefu. Chota maji kwa chombo kisicho na konokono, funika, yaache siku mbili nzima ndipo uyatumie. Vijidudu hivyo haviishi muda huo bila kupata mwili wa kuingia. Au yachemshe. Na udongo wa kupaka usiuchimbe mwenyewe shambani, wala usisage pemba ile ya wajawazito. Hujui kilichomo, na upande wa machimbo ya dhahabu zebaki ni jambo la kweli.

Hina sasa. Hina ni majani ya mhina yaliyosagwa, na ndani yake kuna kitu kiitwacho losoni, asilimia 1 hadi 2 hivi ya unga. Hicho hutoka kwenye jani ukitia maji, kikaingia tabaka za nje za unywele na kujifunga kwenye protini yake. Hakitoki kwa kuosha, kinakua na unywele mpaka ukatwe. Kwa hiyo hina unayopaka leo mpaka nchani, ikikutana na ya mwezi uliopita na ya mwezi ujao, inajilimbikiza. Unywele unanenepa, unang'aa, lakini unakuwa mgumu kupinda. Mikunjo hulegea. Ncha huanza kukatika kama mchembe uliokauka, na mtu anadhani anahitaji hina zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifuata maelekezo ya kukamulia ndimu tupu kwenye hina, nikaacha usiku kucha. Nilijifanyia mwenyewe. Asubuhi nilisuuza nikashika kitu kama fagio, na ilinichukua miezi mingi ya kukata ncha kidogo kidogo kurudi nilipokuwa. Ndimu haina makosa yoyote kwenye mchuzi, ila pH yake iko kama 2, na kuacha hiyo kichwani saa nane ni ukatili. Losoni inahitaji asidi kidogo tu. Mimi sasa hutumia chai ya choya iliyopoa, rangi yake ikiwa nyekundu ya kawaida, au maji matupu ya vuguvugu. Nachekecha unga kwa soksi nyembamba ya nailoni mpaka vijiti vyote vibaki, kwa sababu vijiti ndivyo vinavyokwaruza na ndivyo unavyookota kwenye nywele wiki nzima. Nakoroga uwe mzito kama mtindi, nafunika, naacha saa sita kwa joto letu hili la mchana. Kujua umeiva, paka tone kiganjani, dakika tano, futa. Ukiona chungwa, tayari.

Kichwani inakaa saa mbili hadi tatu, imefunikwa, haikauki. Mara ya kwanza paka kote. Mara zinazofuata, mizizi tu. Hili nalishikilia hata mteja anuni. Kusuuza, jaza beseni uzamishe kichwa kwanza, kisha kondishona ya bei nafuu iteleze nayo majani yatoke, mara mbili au tatu. Siku hiyo hiyo usipake yai wala dawa ya protini, kwa sababu hina imeshakaza kiasi cha kutosha. Kesho yake fanya kondishona ya maji, yaani yenye glisirini au mshubiri, halafu krimu, halafu alizeti kidogo ya kufungia. Rangi itaendelea kukolea siku mbili tatu, usiogope chungwa la siku ya kwanza kwenye mvi.

Udongo na hina visikutane siku moja. Udongo kwanza, ili kichwa kiwe kisafi na hina ishike, wiki moja katikati, ndipo hina. Kaolini kila wiki mbili ikibidi, bentonaiti mara moja kwa mwezi isizidi, hina ya mizizi kila miezi miwili au mitatu.

Kuna wanaoniletea "hina nyeusi." Hina haina weusi. Inatoa chungwa, nyekundu na kahawia. Ikiwa nyeusi ndani ya nusu saa kuna kemikali imetiwa, mara nyingi ile ya PPD, ambayo huweza kuvimbisha uso na kuunguza ngozi, na mzio wake ukishaupata unao maisha yako yote. Piko ya kuchorea maua iko kundi hilo. Siipokei mlangoni.

Na watoto wachanga siwapaki hina, hata kwa sherehe, hata bibi yake akiomba. Wako watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na sehemu zilizoishi na malaria vizazi na vizazi kama huku kwetu ndiko wanakopatikana zaidi. Kwao losoni ikipenya kwenye ngozi huvunja chembe nyekundu za damu. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa kama kahawa, na kwa mtoto mchanga hali hubadilika haraka sana. Ukiona hivyo, hospitali, usisubiri kesho. Mtu mzima anayejua ana upungufu huo naye aiache.

Yule dada wa Igoma nilimkata sentimita mbili za ncha. Nikampaka nazi, nikamvika kofia, akakaa kwenye stimu dakika 40 akisinzia, nikamsuka mabutu manane makubwa yasiyovuta. Alitaka kujua lini apake hina. Nilimwambia aje kwanza baada ya wiki sita, na lile kopo lake la udongo, tukoroge pamoja nimwoneshe uji mwepesi ulivyo na dakika 10 zinavyokwenda upesi.