Kupinda mrija mwembamba wa metali bila kuuvunja kiuno

Fundi anashika mrija mwembamba wa shaba nyekundu, anauegemeza gotini na kuusukuma kwa vidole gumba viwili. Mwanzoni mrija unatii. Kisha mkono unahisi ulegevu wa ghafla, na kazi imeharibika: upande wa ndani wa pindo umebonyea, tundu limezibana. Wengi wakifika hapo hujilaumu kwa kutumia nguvu nyingi. Kwa tunavyoona karakanani tunapofundisha, nguvu ni nadra kuwa kosa. Mrija umevunjika kiuno kwa sababu haukuwa na kitu cha kuuzuia usiache kuwa duara.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 6, uupinde robo duara kwa nusukipenyo cha milimita 12, kikipimwa hadi katikati ya mrija. Katikati ya mrija pindo lina urefu wa milimita 19 hivi. Ukuta wa nje hauna budi kurefuka hadi karibu milimita 24, na wa ndani kufupika hadi 14. Ukuta wa nje, kwa kuwa umevutwa, hutafuta njia ya mkato kwa kuzama kuelekea katikati. Wa ndani umesukumwa kutoka pande mbili, na ukishindwa kunenepa hujikunja. Mrija basi huanza kuwa bapa, na kadiri unavyokuwa bapa ndivyo unavyopinda kwa urahisi zaidi pale pale ulipolegea. Ndiyo maana kunjo hutokea ghafla. Ukiona ubapa, simama, bado hujachelewa.

Anza na ulaini wa metali. Mrija mgumu wa shaba nyekundu hauwezi kurefuka kwa robo bila kupasuka, lakini uliolainishwa kwa moto unaweza. Upashe moto kwa tochi ya gesi, mahali penye kivuli, mpaka uonyeshe wekundu hafifu, kisha uuache upoe. Ukiutumbukiza majini pia si neno, kwani shaba haifanyi kama chuma cha patasi, ambacho hugeuka kigumu kikizimwa kwa maji. Shaba njano iache ipoe polepole na usiipinde ikiwa ya moto. Alumini inahitaji tahadhari zaidi: huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi bila kukuonya kwa wekundu. Ipake mstari wa sabuni ya mche. Mstari ukigeuka kahawia nzito, ondoa moto. Kumbuka pia kwamba kupinda kwenyewe hurudisha ugumu, kwa hiyo pindo kali linaweza kuhitaji kulainishwa tena katikati ya kazi.

Mrija wa breki, wa gesi au wowote unaobeba shinikizo kubwa usiulainishe kwa moto. Ulichaguliwa kwa nguvu yake, na moto huipunguza.

Ulaini peke yake hautoshi. Ndani ya mrija panahitaji kujazwa. Mchanga mkavu na laini hufaa, mradi ushindiliwe kwa kugonga mrija taratibu hadi usishuke tena, na ncha zizibwe kwa vizibo vya mbao. Mchanga uliolegea hausaidii kitu. Kama utapasha mrija moto ukiwa na mchanga ndani, ukaange kwanza mchanga huo: unyevu ukigeuka mvuke hurusha kizibo kama risasi. Mafundi wa tarumbeta na tromboni hujaza mirija yao lami, au maji ya sabuni yaliyogandishwa, kwa kuwa sabuni hufanya barafu isivunjike vipande vipande wakati wa kupinda.

Kwa mirija ya milimita 2 au 3 mchanga unasumbua. Hapo mimi napendelea waya laini uliopakwa mafuta, unaoingia bila kuacha nafasi, au uzi mnene wa nailoni. Nailoni ina sifa nzuri: ukiuvuta, hupungua unene na kujiachia wenyewe. Ipo pia metali ya kujazia inayoyeyuka katika maji ya moto, kwenye nyuzijoto 70 hivi. Inafanya kazi safi sana, lakini aina hiyo ina risasi na kadimiamu, ambazo ni sumu, kwa hiyo isikaribie mrija utakaopitisha kinywaji au hewa ya kuvuta.

Nje ya mrija, kazi ya kalibu huwa haieleweki vizuri. Watu hutafuta kitu chochote cha mviringo, kama kopo au gogo, wakauzungushia mrija. Mviringo unatoa nusukipenyo tu. Mrija hauwezi kuwa bapa bila kutanuka ubavuni, na kinachozuia ubavu usitanuke ni mfereji wa kapi unaolingana barabara na mrija, wenye kina cha nusu ya kipenyo chake. Mfereji mpana kwa milimita 1 tu huharibu kazi ya mrija wa milimita 6. Springi ya kuvisha nje hufanya kazi ileile. Ikikwama, ongeza pindo kidogo, lirudishe, kisha uizungushe huku ukiivuta.

Acha mrija uwe mrefu kuliko unavyohitaji, upate pa kushika, utakata baadaye. Vuta ncha yake kwa nguvu huku ukiuzungusha kwenye kapi, maana mvuto huo hupunguza msukumo kwenye ukuta wa ndani. Kama una mshono wa kuchomelea, uelekeze ubavuni, ambako metali haivutwi wala haibanwi sana. Pita kidogo pembe unayoitaka, kwa sababu mrija hurudi ukiachiwa.

Mrija uliokwisha kujikunja ukate. Kuubana kwa koleo urudi duara huuacha na nyufa usizoziona, na tundu dogo si hasara ndogo: umajimaji unaopita kwa utulivu katika mrija wenye nusu ya kipenyo cha awali, kwa shinikizo lilelile, hubaki sehemu 1 kati ya 16.

Kukagua, dondosha ndani gololi ya chuma iliyo ndogo kidogo kuliko tundu. Ikitokea upande wa pili, pindo ni zima. Ikikwama, ingiza waya mpaka uiguse, na umeshajua ni wapi pamebonyea.