Tope la Sabaki ni shamba la nani?

Kila ikifika Novemba, Disemba hivi, watu waniuliza swali lile lile, mbona bahari ya Malindi imegeuka rangi, na kwenye mahoteli wageni nao walalamika walikuja kuona maji ya buluu wakakuta maji ya kahawia mpaka miguu haionekani. Kuna wanaosema ni taka za mjini, kuna wanaosema ni meli zatupa vitu huko nje. Jamani ule ni udongo unaoletwa na mto Sabaki. Kazi yangu mimi ni udongo na maji, na hili jambo laniuma manake naona tumelizoea, twalichukulia kama upepo tu, laja lapita.

Sabaki haianzii Lango Baya, hapa bara karibu na Malindi. Kule juu ndio mto Athi, unatoka nyanda za juu karibu na Nairobi, unazoa na mito ya Nairobi yenyewe na kila kilichomo, unashuka Machakos, Makueni, Kitui, halafu ndani ya Tsavo Mashariki unakutana na mto Tsavo unakuwa Galana, ndio mwisho unamwaga hapa kwetu kaskazini ya mji, kabla hujafika Mambrui. Kwa hivyo mvua ikipiga Ukambani kwenye shamba lililolimwa kuteremka mlima bila tuta hata moja, au kwenye malisho yaliyoliwa mpaka yakabaki vumbi, ule udongo wa juu wenye rutuba unaingia kijitoni, kijito kinaingia mtoni, na siku si nyingi uko kwetu. Mchanga ni mzito, unashuka karibu na mdomo wa mto. Ule laini wa mfinyanzi ndio unaoelea ukaenda mbali.

Na kwa nini tope lije mjini miezi hii na si Mei, ilhali masika ndiyo mvua kubwa? Wavuvi wajua jibu bila kwenda chuo: ni pepo za msimu, kusi na kaskazi. Wakati wa kusi mkondo unaenda kaskazini, kwa hivyo tope la masika linasukumwa Mambrui na Ngomeni huko, sisi mjini twaona maji safi twadhani mambo ni mazuri. Kaskazi ikishika mkondo wa juu unarudi kusini, na vuli ndio imetoka kunyesha, basi tope lote laletwa ghuba ya Malindi na linaendelea mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya baharini, ile iliyotangazwa 1968.

Sasa kuna kitu nataka mkijue manake mimi kila nikikifikiria chanisisimua. Tumbawe huwa linajenga mifupa yake ya chokaa mwaka baada ya mwaka, ukilikata waona pete kama za mti. Wanasayansi walitoboa tumbawe moja kubwa la hapa hapa Malindi, lenye umri wa kama miaka 300, wakapima madini ya bariamu kwenye kila pete. Kwa nini bariamu? Kwa sababu inakuja imeshikana na chembe za udongo wa mtoni, ikifika kwenye maji ya chumvi inabanduka, na tumbawe linaichukua na kuiweka mahali pa kalisiamu. Udongo mwingi baharini, bariamu nyingi kwenye pete. Yaani bahari iliandika daftari la mashamba ya bara na hakuna aliyejua liko. Matokeo yalitoka 2007. Kutoka 1700 mpaka 1900 udongo unaofika Malindi karibu haubadiliki, miaka 200 mizima, pamoja na ukame wote na mafuriko yote ya wakati huo. Kuanzia 1900 hivi unaanza kupanda, unapanda tu, na kilele chake ni kati ya 1974 na 1980, mara tano mpaka mara kumi ya ule wa zamani.

Miaka 200 iko sawa halafu inapanda mfululizo, hapo huwezi kusema ni hali ya hewa peke yake. Ni ardhi ilivyotumika. Lakini nisieleweke vibaya, sipendi kabisa mtu akisema "Wakamba wameharibu bahari yetu". Mkoloni alichukua ardhi nzuri, watu na ng'ombe wakabanwa kwenye ardhi kidogo, udongo ukachoka, halafu ikasemwa kosa ni mifugo yao na ikaanza kukamatwa kwa nguvu, mpaka 1938 watu wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi kupinga. Na Wakamba hao hao ndio waliotuonyesha kwamba udongo waweza kushikwa. Machakos walichimba matuta ya fanya juu, yaani unachimba mtaro kwenye mteremko halafu udongo waurusha upande wa juu, ukingo unatokea, maji yanasimama yanazama badala ya kukimbia. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu pale ilipanda zaidi ya mara tano na mmomonyoko kwenye mashamba mengi ulipungua. Ulipungua! Watu wengi si lazima udongo uharibike, inategemea mkulima ana uhakika shamba ni lake na mavuno yamlipa.

Turudi kwetu, manake sisi nasi si watu wa kulalamika tu. Maji ya bomba unayokunywa Malindi, Watamu, Kilifi mpaka Mombasa, mengi yanatoka Baricho, kando ya Sabaki, na Baricho si bwawa. Ni visima vilivyochimbwa kwenye mchanga na kokoto ambazo mto wenyewe ulizilaza kando yake zamani. Maji ya mto machafu yanapenya kwenye huo mchanga polepole, tope linabaki, pampu inavuta maji yaliyochujwa. Huo mchanga ndio tangi na ndio chujio. Kwa hivyo nikiona malori yanabeba mchanga wa mto kwenda mjengoni moyo wangu unaruka kabisa, kwa sababu mchanga ukitolewa sana sakafu ya mto inashuka, maji chini ya ardhi yanashuka nayo, kingo zinabomoka, na mafuriko yakija mto unaweza kuhama njia. Na ule udongo laini ukizidi unaziba matundu ya mchanga, maji hayapenyi. Hapo waona udongo wa Machakos na glasi yako ya maji Malindi ni habari moja.

Kingo nazo zina mashamba mpaka mtoni kabisa, mahindi, migomba, na miti imekatwa. Acheni ukanda wa miti na magugu pale ukingoni. Sio mengi naomba.

Tope lenyewe si adui wa kila mtu. Kamba wa baharini wa Ngomeni na ghuba ya Ungwana wanaishi kwa vyakula vinavyoletwa na mito, mikoko imeota kwenye matope mapya ya mdomo wa Sabaki, ndege wa kila aina wajaa pale, na ufuo wa Malindi umepanuka, wazee wawaonyesha maji yalipokuwa yakifika na leo ni hatua nyingi kutoka hapo. Zile chembe zinazomeremeta mchangani ni ulanga, madini yanayong'aa, kutoka miamba ya bara. Tatizo ni kiasi. Tumbawe lahitaji jua, nyasi za bahari vilevile, na mkulima wa juu amepoteza rutuba ambayo hairudi, kwa sababu sentimita moja ya udongo huchukua mamia ya miaka kutengenezeka.

Na sasa kuna jambo jipya. Bwawa la Thwake lilianza kujengwa 2018 kwenye mto huu huu wa Athi, upande wa Makueni na Kitui, ni bwawa kubwa sana. Bwawa lolote mtoni lashika mchanga kabla ya maji. Tope likipungua matumbawe yatapumua na mimi nitafurahi, lakini ufuo uliojengwa na mchanga wa mto hubaki kwa sababu mchanga waendelea kuja, ukikatwa mawimbi ya kusi yanaanza kuurudisha baharini. Kwa hivyo ndugu zangu mnaonunua viwanja kwenye ile ardhi mpya mbele ya hoteli za zamani, na nyinyi wa kaunti mnaopitisha ramani, pimeni kutoka ufuo ulipokuwa kabla haujapanuka, sio kutoka maji yalipo leo.