PCSO si askari kamili, lakini usimdharau

Ukiishi England au Wales utakutana nao mitaani: sare inayofanana na ya polisi, mwendo wa miguu, salamu kwa wenye maduka. Ni maafisa wasaidizi wa polisi jamii, maarufu kama PCSO, walioanzishwa na Sheria ya Mageuzi ya Polisi ya mwaka 2002. Hawana mamlaka ya kukamata kama askari polisi, na hapo ndipo wengi hujiponza. "Huyu si polisi, atanifanya nini?" mtu husema, kisha anaondoka zake.

PCSO akiwa na sababu ya kuamini kwamba umetenda kosa fulani, au umewabughudhi watu, anaweza kukudai jina na anwani. Kukataa ni kosa, na faini yaweza kufika pauni 1,000. Ukikataa, au ukitaja jina analolitilia shaka, anaweza kukuamuru usubiri naye hadi dakika 30 askari polisi afike. Ukitimua mbio, hilo ni kosa jingine. Mamlaka haya hutolewa na mkuu wa polisi wa eneo, hivyo hayalingani kila mahali.

Kifungu cha 46 cha sheria hiyo ya 2002 kinataja makosa matatu: kumshambulia afisa huyu akitekeleza kazi yake, kumpinga au kumzuia kwa makusudi, na kujifanya PCSO kwa nia ya kudanganya. Shambulio si lazima liache jeraha. Kumtemea mate au kumsukuma kunatosha. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 2018 inamhesabu miongoni mwa watoa huduma za dharura, na tangu Juni 2022 adhabu ya juu ya kumshambulia ni kifungo cha miaka 2, kutoka miezi 12. Nionavyo, wengi wanaomrushia ngumi hawalijui hili.

Hata hivyo, mashtaka husimama tu ikiwa alikuwa ndani ya mipaka ya kazi yake. Kumuuliza kwa utulivu kwa nini amekusimamisha si kumzuia.

Naye akiitumia sare kudai rushwa au kunyanyasa, hushtakiwa kama mtumishi yeyote wa umma. Malalamiko hupelekwa kwa jeshi lake la polisi, au kupitia IOPC, chombo huru cha kusimamia mwenendo wa polisi. Andika namba iliyo begani mwake, mahali na saa, siku hiyohiyo.